Kosa la Rashidi kwa Kijerumani

Siku yangu ya kwanza kazini, wakata miwa waliweka mapanga chini kabla sijaonyeshwa meza yangu.

Kilikuwa kiwanda cha sukari, upande wa Ekero, huku Kakamega. Nilikuwa nimetoka Nairobi na cheti cha ukalimani ambacho mama yangu alikitundika sebuleni na kukipangusa kila mgeni alipobisha hodi. Kampuni moja ya Ujerumani ilikuwa imeleta boila mpya, yale matangi makubwa ya kuchemshia maji ili mvuke uendeshe mitambo, na mafundi wao hawakujua Kiingereza cha kutosha. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya Mhandisi Mkuu, ambaye alikuwa Mjerumani, na Meneja Mkuu, Mkenya mwenzetu, na kuhakikisha wanaelewana. Mkalimani huifanya kazi hiyo kwa mdomo, papo kwa papo. Mfasiri huifanya kwa maandishi, naye walau ana nafasi ya kukuna kichwa. Mimi niliajiriwa kwa zote mbili.

Meneja aliniita ofisini hata mkoba sijauweka chini. Dirishani tuliona vibarua wa miwa wameketi kwenye nyasi karibu na geti, wametulia, wengine wakimenya miwa kwa meno. Walikuwa wamegoma kwa sababu mwenzao alikatwa mguu shambani na hakupatikana gari la kumpeleka hospitali.

"Wewe ndiye mkalimani?" Meneja aliniuliza.

"Ndiyo, Bwana Meneja."

"Mwambie Mhandisi kwamba hii ni 'mutiny'. Tumia neno hilo hilo."

Kwa Kijerumani neno hilo ni Meuterei. Nilimwambia Mhandisi hivyo. Alivua kofia yake ya chuma, akawaangalia wale watu nje kwa muda, kisha akaniuliza taratibu, "Wamekula kiapo kwa nani?"

Nilimgeukia Meneja. "Anauliza hawa watu wamekula kiapo kwa nani."

"Kiapo gani?"

Ndipo nilipojifunza kazini kile ambacho darasani walikipita haraka. Kwa Kijerumani, Meuterei ni ya askari anayemgeuka kamanda wake, ya baharia anayemkataa nahodha, au ya mfungwa anayemvamia mlinzi. Ni kosa la mtu aliyefungwa na kiapo au na mnyororo. Kibarua aliyeitwa asubuhi na kuachwa jioni, ambaye hata buti hakupewa, hawezi kulifanya. Mhandisi alinieleza hayo, nami nikamweleza Meneja neno kwa neno.

"Mwambie aangalie boila zake," Meneja alisema.

Ripoti iliyokwenda Ujerumani ilisema Meuterei, kwa kuwa ile ya Kiingereza ilisema 'mutiny', na Mhandisi mwenyewe ndiye aliyeniambia nisibadilishe. "Neno ni lake," alisema. "Lazima wenzangu kule wajue alichosema, si alichopaswa kusema." Wale vibarua walifukuzwa wote. Nilipokuwa natoka, mzee mmoja kati yao alinisimamisha getini.

"Binti yangu, wanasema wewe ndio umeandika. Wameandika tumefanya nini?"

"Wameandika mmeasi, Baba."

Alilitafakari neno hilo. "Mimi nimewahi kuasi Mungu peke yake," alisema, "na nilitubu." Kisha akaokota panga lake akaenda zake. Sikumwona tena.

Nawaeleza hayo ninyi vijana mnaosoma Kijerumani siku hizi mjini Kakamega, mkikimbilia mitihani ili mwende Ujerumani kuuguza wazee wa watu, kwa sababu najua mnafundishwa kwamba kila neno lina mwenzake ng'ambo ya pili. Mengine hayana. Na katika miaka yangu yote ya kazi, maneno yaliyonitesa zaidi ni haya ya watu kukataa kutii. Kila lugha huyapanga kulingana na nani aliyekuwa ameshika kalamu siku ile.

Kutoka kiwandani nilihamia Nairobi, kwenye ofisi iliyokuwa ikihifadhi na kufasiri nyaraka za zamani. Mkubwa wetu alikuwa Msimamizi wa Nyaraka, mama mmoja mrefu, mkavu, aliyevaa sweta la kijivu hata jua likiwaka. Walitujia watafiti wenye karatasi za wakoloni, za Waingereza wa huku na za Wajerumani waliotawala Tanganyika, wakitaka kuzilinganisha. Kwa hiyo nilishinda mchana kutwa na vijiji vilivyochomwa. Kijiji kilikataa kubeba mizigo ya mzungu. Mwingereza akaandika 'rebellion', Mjerumani akaandika Aufstand, wote wakimaanisha uasi. Wazee waliohojiwa baadaye, wale wachache waliohojiwa, walisema vita.

Nilijifunza pale kuyapima maneno hayo moja moja. Aufstand limejengwa na kusimama: mtu alikuwa ameketi au amelala, sasa yuko wima. Aufruhr linatokana na kukoroga, kama mtu anayekoroga sufuria mpaka mashapo yakapanda juu. Umsturz ni kuangusha kilichosimama, nalo halipo mbali na mapinduzi yetu. Unruhen ni kukosa utulivu tu, neno ambalo serikali hulipenda kwa kuwa halina mtu ndani yake. Na lipo Empörung, ambalo zamani lilikuwa uasi kamili wa watu dhidi ya bwana wao, lakini siku hizi ni ile hasira ya haki inayompanda mtu anapoona jambo la aibu. Hilo husababisha makosa mengi. Ukifasiri karatasi ya kale ukadhani watu walikasirika tu, kumbe walikuwa wameshika mikuki.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Karatasi niliyokuwa nayo ilisema waasi walitiwa adabu, na orodha ya walioadibiwa ilikuwa na wanawake na watoto. Niliandika "wanakijiji" mahali pa "waasi". Msimamizi aliliona kabla halijatoka, akaniita.

"Nani ameandika wanakijiji?"

"Mimi, Mama. Hawa hawakuasi. Walikuwa kwao."

"Najua walikuwa kwao." Alikuwa ameshika kalamu nyekundu lakini hakuitumia. "Aliyeandika karatasi hii aliwaita waasi. Ukimfutia neno lake, umemfutia na dhambi yake. Kesho msomaji atamwona mtu mwema. Hasira yako ipeleke chini ya ukurasa, kwenye maelezo ya mfasiri. Pale ina haki ya kukaa."

Niliiamini kanuni hiyo kuanzia siku ile. Mwili wa maandishi ni wa mwenyewe. Sehemu ya chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, ni ya mfasiri, naye aseme pale yote anayoyajua. Nilikuja kula kiapo cha ufasiri, nikapewa mhuri wangu, na kila nilipougonga niliwaza sauti ya mama yule.

Mume wangu alipoanza kuugua figo tulirudi Kakamega, karibu na ndugu. Alipofariki sikuwa na moyo wa kurudi Nairobi. Nikaanza kufundisha katika chuo kidogo cha lugha mjini, kilichokuwa ghorofani juu ya duka la mbegu, na kufasiri vyeti vya wanafunzi waliopata nafasi Ujerumani: vya kuzaliwa, vya shule, vya tabia njema. Mkurugenzi wa chuo alikuwa kijana wa kuweza kuwa mwanangu, mchangamfu, asiyeketi. Aliniheshimu. Alininunulia kiti chenye mgongo mzuri aliposikia kiuno kinaniuma. Sitaki mumwone kama mtu mbaya katika ninayosimulia.

Katika darasa langu la mwisho alikuwepo Rashidi Wesonga, kijana kutoka Matungu, wa familia ya Kiislamu inayolima miwa na kuuza mitumba siku za soko. Alikuwa na cheti cha uuguzi na hakuwa na kazi, kama wenzake wengi. Hakuwa mwepesi wa lugha. Aliyashika maneno kwa nguvu, akiyarudia midomo ikitikisika, na alikuwa na tatizo letu la watu wa huku la kuchanganya r na l, hivi kwamba Kirche la kanisa likawa Kilche na darasa zima likacheka, yeye akiwa wa kwanza. Lakini alifaulu. Nyumba moja ya wazee kule Ujerumani ikamwandikia kwamba inamngoja. Mama yake alileta kuku chuoni, kuku mzima amefungwa miguu, akamkabidhi Mkurugenzi mbele ya darasa.

Kisha yakaja maandamano ya vijana, ambayo mnayakumbuka wenyewe. Mjini Kakamega walitembea kutoka stendi kuelekea ofisi za kaunti. Rashidi alitoka darasani kwangu saa ya mapumziko na hakurudi. Siku iliyofuata tulisikia yuko seli.

Aliachiwa kwa dhamana, akaenda kortini mara kadhaa, na mwishowe upande wa mashtaka ukaondoa kesi kwa kukosa mashahidi. Tulidhani yamekwisha. Lakini ofisi ya viza iliona kwenye rekodi zake kwamba alikamatwa, ikataka hati ya mahakama, ikiwa imefasiriwa.

Hati ilifika chuoni juma ambalo mimi nilikuwa Lugari, kwenye matanga ya dada yangu. Mkurugenzi alitaka kumsaidia kijana asichelewe. Hati ilikuwa fupi, ya Kiingereza: ameshtakiwa kwa kushiriki 'riot', kesi imeondolewa. Akaiingiza kwenye ile programu ya simu inayofasiri, akachapisha, akamtafuta mfasiri mwingine wa mjini mwenye mhuri, naye akaugonga bila kusoma sana, na karatasi ikaenda.

Niliporudi alinionyesha nakala kwa furaha. "Tumeshamaliza, Mwalimu. Ulikuwa na msiba, sikutaka kukusumbua."

Niliisoma pale pale. Mashine ilikuwa imeandika Aufstand.

"Hili neno limetoka wapi?"

"Mwalimu, hiyo mashine imesoma vitabu vingi kuliko mimi na wewe. Kwani si ni vurugu tu?"

"Hii inasema ameshiriki uasi. Watu kuinuka dhidi ya serikali yao. Msomaji wa Kijerumani akiona neno hili anaona bunduki."

Wote wawili tulikuwa tunafikiri jambo moja, nalo ni jina lililoandikwa juu ya karatasi ile. Katika dunia ya leo, kijana anayeitwa Rashidi na neno uasi wakikaa kwenye ukurasa mmoja, msomaji wa mbali humaliza hadithi mwenyewe.

Haikupita muda ofisi ya viza ikaandika kumtaka Rashidi aje kueleza kuhusu uasi alioshiriki. Mkurugenzi alimwita, tukaketi watatu katika chumba changu, mlango umefungwa.

"Tufanye mpya," alisema Mkurugenzi. "Mwalimu agonge mhuri wake. Lakini Mwalimu, tafadhali, weka neno jepesi. Weka Versammlung. Mkutano. Si walikutana?"

"Mahakama haikuandika mkutano."

"Mahakama iliandika uongo basi. Kesi si imeondolewa?"

Nilimtazama Rashidi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti. Nikamwambia, "Mwanangu, haya ni maisha yako. Niambie ulifanya nini siku ile, kwanza."

"Nilitembea na wengine, Mwalimu. Niliimba. Sikurusha kitu. Kuna wale walivunja duka la viatu huko mbele, mi niliona. Polisi wakalipua gesi ya machozi. Msichana mmoja akapigwa na kitu hapa kwa kichwa." Aligusa juu ya sikio. "Nikavua shati nikamfunga. Ndio nilikuwa nafunga wakanishika."

"Hayo ungeyaeleza kortini," Mkurugenzi alisema.

"Hawakuniuliza. Wanakusomeanga tu hiyo shitaka, unasema kweli ama si kweli." Kisha akanigeukia. "Hiyo neno ya mashine, Mwalimu. Ukiivunja inasemanga nini?"

"Stand ni kusimama. Auf ni juu. Kusimama wima."

"Basi si uongo sana," alisema. "Nilisimama."

Nilimweleza kwamba neno si mifupa yake tu. Nikamweleza na mengine, kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Nilipofika kwenye Empörung, ile hasira ya haki, alitikisa kichwa kukubali. "Hiyo ndiyo nilikuwa nayo. Lakini hawakunishtaki nayo."

"Hapana."

"Na ile waliandika, yenyewe kabisa, ni gani?"

'Riot' kwa Kiingereza cha sheria ni kundi la watu linalotumia nguvu na kuvunja amani. Si uasi, kundi hilo halitaki kuangusha serikali, na pengine halijui linataka nini. Neno la karibu kwa Kijerumani ni Ausschreitungen, ambalo ndani yake mna hatua, mtu aliyepiga hatua akavuka mpaka. Ni neno baya kiasi. Si zito kama Aufstand wala jepesi kama mkutano. Nilimwambia kwamba nikiliandika hilo, nitaongeza maelezo ya mfasiri chini ya ukurasa: kwamba kesi iliondolewa, kwamba katika sheria za Kenya shitaka hilo hupewa hata waliosimama karibu, na kwamba neno la karatasi ya kwanza halikuwa sahihi.

"Na ukiandika mkutano?"

"Wakiomba ile ya Kiingereza wakalinganisha, wataona tumedanganya. Na hata wasipolinganisha, mimi nitakuwa nimeapa kwa mhuri wangu kwamba mahakama ilisema jambo ambalo haikusema."

Mkurugenzi alisema, kwa sauti ya chini, "Hakuna anayelinganishanga, Mwalimu."

Chini dukani tulisikia mtu akipima mahindi ya mbegu, yakimiminika kwenye karai. Hatimaye Rashidi akasema, "Andika vile wao waliandika. Mimi nimekaa seli kwa kitu sikufanya. Sitaki kwenda kukaa Ujerumani kwa kitu sikusema."

Niliifasiri hati ile siku nzima, ingawa ilikuwa na mistari michache. Maelezo yangu ya chini yalikuwa marefu kuliko hati yenyewe. Niligonga mhuri, Rashidi akaibeba mwenyewe hadi Nairobi kwenye mahojiano.

Aliporudi alinisimulia bila kupandisha sauti. Ofisa alikuwa mwanamke mpole. Aliziweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu.

"Akaniuliza, hii ya kwanza inasema Aufstand. Hii ya pili inasema Ausschreitungen. Ipi ndiyo ya mahakama? Nikamwambia zote ni za neno moja. Akasema, neno moja haliwezi kuwa vitu viwili. Nikamwambia kuna maelezo ya Mwalimu hapo chini. Akasema ameyaona, lakini mfasiri amelipwa na nani? Nikasema na chuo. Akasema na ile ya kwanza ililetwa na nani? Nikasema na chuo."

"Ulimwonyesha ya Kiingereza?"

"Nilimwonyesha. Akasema yeye anaiamini ile ya Kiingereza, lakini sasa haamini anayeileta."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Laiti ingekwenda karatasi yangu peke yake, pengine ingesomwa. Laiti ingebaki ya mashine peke yake, pengine angejieleza akaeleweka. Ukweli ulipofika wa pili ulionekana kama ujanja wa mtu aliyekwisha kushikwa. Nilimwandikia ofisa yule kujieleza, na Mkurugenzi naye, kwa hiari yake, akaandika kukiri kwamba ya kwanza aliifanya kwa simu. Jibu lilikuwa kwamba maombi yanahitaji uchunguzi zaidi. Uchunguzi haukuwa na mwisho uliotajwa. Ile nyumba ya wazee iliandika kwa upole kwamba wagonjwa wao hawawezi kungoja, na ikampa mwingine nafasi.

Nilikwenda Matungu mwenyewe kuwaeleza wazazi, kwa kuwa sikutaka wasikie vipande vipande. Mama yake Rashidi, Mama Zainabu, alinipokea uani.

"Asalaam aleikum, Mwalimu. Karibu."

"Aleikum salaam, Mama."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kitambaa cha kichwa amekishika kidevuni. Kisha akauliza swali moja. "Kwa hiyo huko wanajua mtoto wangu kama nani?"

Nilimwambia hawamjui kabisa, wanajua karatasi tu. Akasema hilo halimfariji, nami nikakubaliana naye. Alinipa obusuma, ule ugali wetu, na mboga, tukala. Rashidi alikuwa shambani na baba yake, wakipalilia miwa.

Mkurugenzi aliumia, najua. Kwa muda aliacha kuitumia ile programu. Lakini wanafunzi waliongezeka, vyeti vikajaa, na mimi nilikuwa mmoja na macho yananidhoofikia. Akaanza tena, kwanza kwa vyeti vya kuzaliwa, kisha kwa vyote, mimi nikipewa kukagua. Baadaye sikupewa. Hakunifukuza. Aliniambia tu siku moja, akiwa amesimama mlangoni, "Mwalimu, umefanya kazi vya kutosha. Pumzika." Nilichukua kamusi zangu na kile kiti, ambacho alisisitiza niende nacho.

Watu huniuliza kama kazi hii itakufa. Sijui. Mashine ile haina hila, na katika mambo mengi inaniweza: jina la dawa, kipuri cha boila, tarehe. Lakini haijawahi kumwona mtu akiokota panga lake getini, na haimwogopi mtu yeyote aliye chini ya neno. Mimi niliogopa kila siku. Nilidhani woga ule ndio kazi yenyewe, na bado nadhani hivyo, ingawa haukumsaidia Rashidi. Nikiwa peke yangu nyumbani huwa nayapanga tena maneno yale, 'riot', 'revolt', 'uprising', 'rebellion', kila moja na mwenzake, nikitafuta lile ambalo lingempitisha mlangoni bila kusema uongo. Sijalipata.

Juma lililopita nilisikia bibi yake Rashidi, mama mzazi wa baba yake, ameanguka, upande mmoja umepooza. Nikaenda kumwona. Wamemlaza chumba cha mbele, karibu na dirisha, na Rashidi ndiye anayemuuguza, kwa kuwa kazi nyingine hajapata. Amemfundisha mdogo wake kutandika shuka bila kumwinua mgonjwa. Mgongo wa yule bibi hauna hata kidonda kimoja, jambo ambalo hospitali nyingi haziwezi kujivunia.

Nilipoingia alikuwa ameinama juu yake, hakunisikia. Alikuwa akisema naye kwa Kijerumani, polepole, kwa adabu ile ya kumwita mtu mzima Sie: "Ich drehe Sie jetzt auf die Seite."

Bibi aliniona kwanza. "Mwalimu," alisema, ulimi ukiwa mzito, "huyu mtoto anaongeanga nami lugha gani?"

"Kijerumani, Kukhu," nilimjibu, kama tunavyowaita bibi zetu huku.

"Anasema nini?"

"Anasema anakugeuza sasa, ulalie ubavu."

Alifikiri kidogo. "Mwambie polepole. Bega linauma."

Rashidi alikuwa amesikia. Lakini alisubiri, mikono hewani, macho kwangu, kama mtu asiyejua neno la Kiswahili.

"Langsam," nikamwambia. "Die Schulter tut ihr weh."

Akaitikia kwa kichwa, akapitisha kiganja chini ya bega la bibi yake, akaanza kumgeuza.